Inua Jamii: Ukilea yatima mmoja au watano, pesa ni zile zile Sh2,000

Dada yako amefariki, watoto wake watatu wamehamia kwako. Mtu mtaani anakuambia, "Nenda kwa chifu, serikali inalipa walezi." Je, ni kweli?

Ni kweli, lakini si vile wengi wanavyodhani.

Nchini Kenya, pesa hizo ziko chini ya Inua Jamii, kwenye mpango wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Ulianza kwa majaribio 2004 na familia 500 pekee, katika Garissa, Kwale na Nairobi. Leo mlezi hupata Sh2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi huingia za miezi miwili kwa pamoja. Zikichelewa, na huchelewa kweli, duka la mtaa ndilo hukopesha.

Sasa shida iko hapa. Hizo Sh2,000 ni za nyumba, si za mtoto. Ukiwa na yatima mmoja, ni kama Sh66 kwa siku. Ukiwa na watano, kila mmoja anabaki na kama Sh13. Yaani kadiri unavyokubali kuchukua watoto wengi wa ndugu zako, ndivyo serikali inavyokusaidia kidogo kwa kila mmoja. Na kiwango hiki kilipanda kutoka Sh1,500 zaidi ya miaka kumi iliyopita. Bei ya unga haijasimama kukisubiri.

Afrika Kusini hufanya tofauti. Kule, mlezi aliyekabidhiwa mtoto na mahakama hulipwa kwa kila mtoto. Na tangu 2022, ndugu anayelea yatima bila kupitia mahakama anaweza kuongezewa pesa juu ya ruzuku ya kawaida ya mtoto.

Nani anahitimu?

Nyumba iwe maskini kabisa na iwe na mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, au ambaye mzazi au mlezi wake ni mgonjwa wa muda mrefu. Nyumba isiwe inapokea mpango mwingine wa Inua Jamii, na mlezi asiwe anapata pensheni. Hapa ndipo nyanya wengi hukwama: kama tayari anapokea pesa za wazee, wajukuu yatima hawamletei nyingine.

Na wewe mlezi wa kambo, uliyekabidhiwa mtoto na Idara ya Huduma za Watoto? Karatasi ya kukabidhiwa inakupa haki ya kumlea, lakini haikuingizi moja kwa moja kwenye orodha ya malipo. Utapimwa kwa umaskini kama wengine.

Usajili hufanywa kwa awamu, kwa hivyo mjulishe chifu na afisa wa watoto wa kaunti ndogo mapema. Weka tayari kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya kifo vya wazazi.

Mlezi aliyesajiliwa akifariki, usikae na simu yake au kadi ukitoa pesa kimya kimya. Ripoti, mlezi mpya aandikishwe. Malalamiko ya malipo ni 1533, bila malipo. Mtoto akiwa hatarini, piga 116.

Karo ni hadithi nyingine: ulizia basari katika ofisi ya NG-CDF ya eneobunge lako.