Kilichoiuza M-Pesa si tangazo peke yake

Kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinapopanga bajeti ya masoko, fungu nono huenda kwenye redio, televisheni, mabango ya barabarani na mitandao ya kijamii. Uhusiano na umma hupewa makombo, na kazi yake huishia kuandaa hafla, kuwaalika waandishi wa habari na kupigwa picha na hundi ya mfano. Nadhani mpangilio huu una kasoro kubwa. Tangazo ni nafasi iliyonunuliwa: mwenye pesa huchagua maneno, picha, saa na mahali, na kila anayelisikia anajua limelipiwa. Uhusiano na umma ni kazi ya kujenga sifa mbele ya watu ambao kampuni haina amri juu yao: wateja, mawakala, waandishi, wasimamizi wa serikali, majirani wa kiwanda. Tangazo humleta mteja mara ya kwanza. Sifa ndiyo huamua kama atabaki siku uvumi utakapozuka. Kwa bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuikagua kwa macho, kama vile bima, dawa, unga au huduma ya fedha, sifa hiyo ndiyo inayopaswa kugharamiwa kwanza.

Kisa cha M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, kinaonyesha jambo hili vizuri, ingawa husimuliwa zaidi kama ushindi wa teknolojia. Huduma ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ikiwamo mjini Thika, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya Faulu kulipa mikopo midogo. Watumiaji wakaifanyia mengine: walitumiana pesa wao kwa wao. Kampuni za simu zilizoiandaa, Vodafone na Safaricom, zilizingatia yaliyoonekana, zikaacha wazo la mikopo, na Machi 2007 huduma ikaingia sokoni kwa ujumbe mmoja mfupi wa kutuma pesa nyumbani. Tangazo lilionyesha kijana wa mjini akiwatumia wazazi walioko kijijini. Lilieleweka papo hapo kwa sababu kila familia ilijua shida ya kumpa dereva wa basi bahasha na kuomba ifike salama. Kabla mwaka haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja. Utangazaji mzuri huanza hivyo, kwa kumsikiliza mtumiaji kabla ya kumtungia sentensi.

Hata hivyo, hakuna tangazo linaloweza kumshawishi mtu kumkabidhi muuza sukari na sabuni shilingi elfu mbili taslimu, kisha atoke dukani na namba tu kwenye simu. Kilichomshawishi kilikuwa juu ya meza ya muuza duka huyo, wakala wa huduma. Kulikuwa na daftari lenye tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi ya mteja mwenyewe. Ujumbe mfupi uliingia kwenye simu zote mbili, ya mteja na ya wakala, kabla mteja hajaondoka. Maduka yalipakwa rangi ya kijani ileile, na mawakala walifundishwa na kutembelewa mara kwa mara ili mteja wa Kisumu apate utaratibu uleule wa Mombasa. Wahasibu huyaandika hayo kama gharama za uendeshaji. Mimi naona ni uhusiano na umma katika umbo lake bora kabisa, kwa kuwa kila muamala ulimpa mteja ushahidi wa kwenda nao nyumbani na kumsimulia jirani.

Jaribio lilikuja Desemba 2008. John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, alitaka huduma hiyo ikaguliwe. Hofu hadharani kuhusu usalama wa pesa ni jambo linaloweza kuiangusha hata benki imara, maana watu wakikimbilia kutoa akiba kwa pamoja, uvumi hujitimiza. Safaricom ingeweza kununua kurasa nzima za magazeti na kujisifu, lakini nani angeamini? Neno lililokuwa na uzito lilitoka Benki Kuu ya Kenya, ambayo ilikuwa imeifuatilia huduma tangu kabla ya kuzinduliwa na ikajua kwamba fedha za wateja zilitunzwa benki chini ya udhamini, mbali na fedha za kampuni. Mwanzoni mwa 2009 ilitamka kwamba huduma ni salama, na idadi ya wateja ikaendelea kupanda. Ushahidi wa namna hiyo hauuzwi kwa sekunde thelathini. Hupatikana kwa kumfungulia msimamizi vitabu mapema, wakati hakuna anayelazimisha.

Wapo watakaosema M-Pesa ilifaulu kwa ukubwa wa Safaricom tu, iliyokuwa na wateja wengi kuliko washindani wote, katika nchi ambayo matawi ya benki yalikuwa haba vijijini. Ni kweli ukubwa ulisaidia. Tanzania, ambako Vodacom ilizindua huduma yenye jina lilelile mwaka 2008, mwendo wa mwanzo ulikuwa wa polepole, na mtandao wa mawakala ulichukua muda kujengeka. Lakini ukubwa unaeleza kasi ya kupata wateja. Hauelezi kwa nini hawakukimbia waziri alipotilia shaka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uhusiano na umma ni manukato ya kufunika uongo. Historia inawapa wanaosema hivyo hoja. Mwaka 1929 Edward Bernays, mshauri wa uhusiano na umma akifanya kazi kwa kampuni ya tumbaku ya Marekani, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka mjini New York, ionekane ni harakati ya uhuru. Lilikuwa tangazo lililovaa nguo za habari. Leo tunaliona tena kwa machawa wanaolipwa kusifia bidhaa mitandaoni bila kusema wamelipwa, na ninalipinga kwa nguvu zote kwa sababu humwibia msikilizaji haki ya kujua nani anazungumza. Ila uongo wa fani haufuti kazi halali. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago kwa vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson iliyomiliki chapa hiyo ilisimamisha matangazo, ikawaonya watu wasivitumie, ikaondoa sokoni chupa takriban milioni 31, kisha ikarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Mnunuzi angeweza kuhakiki mwenyewe kwa kidole chake.

Mfanyabiashara mdogo atauliza atapata wapi fedha za yote haya. Wakenya wanakumbuka Novemba 2019, shirika la viwango lilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Msagishaji wa Iringa au Kitale hahitaji kampuni ya ushauri ili ajiandae kwa siku kama hiyo. Anahitaji kupima unyevu wa mahindi yanapopokelewa, kupeleka sampuli maabara, kutunza majibu kwa namba ya kila shehena, kuchapa namba hiyo kwenye mfuko pamoja na namba ya simu, na kuwa na mtu wa kuipokea simu hiyo inapolia.