Kobalti inapita, resau haifiki

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja aliumia mguu ku posti ya usiku. Walimpeleka hospitali saa ile ile. Sisi wa sendika tukaanza kutafuta bibi yake kwa telefone. Tulipiga mara kumi, mara makumi mawili, jibu lilikuwa moja: namba haipatikane. Bibi alikuwa kijijini, upande wa Lubudi. Habari ilimfikia siku ya tatu, mu kinywa cha kijana wa pikipiki aliyepeleka unga. Alipofika hospitali alituambia: «Siku tatu mie najua paka asema bwana iko ku kazi. Mulikuwa wapi?»

Hatukuwa na jibu.

Kusema kweli, pale kijijini resau iko, lakini iko juu ya kichuguu. Jioni wamama wanapanda, wananyoosha mkono, wanangojea alama moja itokee. Mvua ikianza, hakuna mwenye kupanda, juu ya radi. Na pembeni ya kijiji kama kile, ndani ya ukuta wa mgodi, intaneti inatembea usiku na mchana. Sisi tunachimba kobalti yenye kuingia mu batri za telefone za dunia nzima. Telefone ile ile, mu mikono ya bibi zetu, inabaki tochi.

Mtu asiseme intaneti ni mchezo wa vijana wa mjini. Makuta tunayotuma nyumbani yanapita mu telefone. Mtoto anayesoma Kolwezi anatafuta masomo yake pale. Muganga wa kituo cha afya anaitia ambulansi pale. Kijiji bila resau ni kijiji chenye kuchelewa ku kila kitu, hata ku kilio.

Leta amefanya nini? Tuseme haki: ameanza. Mwaka 2013 kable kubwa ya baharini, WACS, ilianza kazi kule Muanda. Lakini toka Muanda kufika Kolwezi ni zaidi ya kilometa 1.500, na kable ikifika mjini, bado inaomba antene ya kuipeleka kijijini. Ndiyo maana sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya telekomunikasyo iliweka mfuko unaoitwa «Fonds de développement du service universel», FDSU. Kazi yake ni kupeleka mawasiliano pale kompanyi za telefone hazipendi kwenda. Na hazipendi juu ya hesabu: antene ya porini inaomba barabara, umeme na mlinzi, na wateja ni wachache wenye kununua yunite za franka kidogo.

Mambo mengine yanakuja. Vodacom na Orange zimetangaza kujenga pamoja antene za jua vijijini, mpaka 2.000 mu miaka sita. Starlink, iliyokatazwa mwaka 2024, ilipata ruhusa mwaka 2025. Ni vizuri. Lakini vifaa vya Starlink vinauzwa kwa dola, halafu kila mwezi unalipa tena. Fundi wa mgodi ataweza. Mama mwenye kulima mihogo hataweza peke yake.

Na sisi hatujasahau RAM. Toka mwaka 2020 walikata yunite zetu: dola 7 kwa mwaka ku telefone ya 3G na 4G, dola 1 ku ile ya 2G. Watu walipiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Mama wa kichuguu alikatwa sawa na mtu wa mjini. Basi mtu akituambia leo kama kuna mfuko wa vijijini, tunauliza kwanza: vijiji gani, kwa mwaka gani, na makuta ngapi?

Wandugu, tusingojee Kinshasa peke yake. Kodi ya mgodi iko karibu na sisi. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inagawa «redevance minière» hivi: mia kwa mia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa sekta, sheferi ao mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inalazimisha kompanyi kuweka pembeni 0,3 ku kila mia ya mauzo yake, kwa maendeleo ya jamii zenye kuzunguka mgodi. Halafu kuna «cahier des charges», ahadi ambazo kompanyi inatia sinyatire pamoja na wananchi.

Tunajua masomo, maji na barabara vinatangulia. Hatusemi tubomoe pompi ya maji tujenge antene. Lakini shule ikijengwa na kituo cha afya kikijengwa, antene moja ya jua inaweza kusaidia vyote viwili, pamoja na kijiji kizima. Neno hilo linapashwa kuandikwa mu «cahier des charges», pamoja na tarehe. Ahadi bila tarehe tumekwisha kuzipata za kutosha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. FDSU ibandike liste ya vijiji vyake ku biro ya kila teritware. Mashefu wa sekta waonyeshe watu namna ile 15 inatumiwa. Na kompanyi, mbele ya antene kufika, zitafute njia ya kupasha habari jamaa za wafanyakazi siku ile ile ya ajali, hata kama ni kutuma motokari.

Mwenzetu amerudi kazini, anachechemea kidogo. Akiwa posti ya usiku, bibi yake anapanda kichuguu mbele giza haijaingia.

Kila mfanyakazi alete ku delege wake jina la kijiji chake na umbali wa kwenda kukamata resau. Tunaandika liste yetu wenyewe.