Kliniki ya Vioo na Mwembe wa Barabarani

Juma hili nabisha hodi Ifakara. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Jirani yake ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Sasa mtu akitaka kujenga kliniki mpya katika mtaa wenye historia kama huo, aijenge vipi?

Wachora ramani wetu wanapenda vioo. Niliwahi kungoja daktari katika kliniki moja ya vioo, jina tuliache, umeme ukakatika. Madirisha hayafunguki! Mama mmoja mwenye mtoto wa homa akatoka kwenda kuketi chini ya mwembe barabarani. Zamu yake ilipoitwa, hayupo.

Tazameni Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Ina varanda pana. Matao yao si lazima tuyaige, tuige kivuli. Urefu wa jengo uelekee mashariki na magharibi, ili jua la jioni lipige ukuta mfupi. Msingi uinuliwe, maana bonde la Kilombero hufurika.

Halafu kuna mbu. Yule wa malaria hupenda kuingia usiku kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Mafundi huuziba kwa saruji, na joto likabaki ndani. Wekeni wavu, hapo na madirishani, hewa ipite mbu abaki nje. Fedha zikibaki, ndipo mnunue vioo.