Ndoana ni bure, tani zina wenyewe

Katikati ya Stockholm, kati ya Bunge na kasri la mfalme, maji ya Ziwa Mälaren hushuka kwa kasi na kuingia Bahari ya Baltiki. Hapo raia na mgeni wanaruhusiwa kutupa mshipi bila kulipa senti. Mwaka 1985 sheria iliieneza haki hiyo takriban pwani nzima ya Sweden na maziwa makubwa 5, hata palipo na maji ya mtu binafsi.

Haki hiyo, hata hivyo, ni ya ndoana tu. Samaki wa Baltiki anayeitwa strömming, heringi mdogo wa kukaangwa na kuliwa na mkate, hugawiwa kwa tani. Mawaziri wa Umoja wa Ulaya hupanga kiwango cha mwaka na kila nchi hupewa fungu lake. Mwaka 2009 Sweden iliruhusu wenye meli kubwa kuuziana mafungu yao, kwa sababu meli zilikuwa nyingi kupita kiasi. Zilipungua kweli. Lakini haki zilirundikana kwa wachache, wengi wao wa pwani ya magharibi, mbali na visiwa vya Stockholm. Sehemu kubwa ya mavuno yao husagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo na samaki wa kufugwa. Anayejua jinsi dagaa wa Ziwa Victoria wanavyoishia kwenye chakula cha mifugo hatashangaa.

Tatizo la wavuvi wa visiwani linaanzia kwenye mwenendo wa samaki mwenyewe. Majira ya baridi strömming hukusanyika maji ya kina. Masika husogea visiwani kutaga mayai kwenye mwani. Meli humkuta huko nje kabla hajafika kwenye nyavu za mvuvi wa kisiwani. Isitoshe, watafiti wa Uppsala wameonyesha kuwa wanaotaga masika na wanaotaga vuli wanatofautiana kijenetiki. Mgawo hauoni hayo: Baltiki ya kati huhesabiwa kama kundi moja, na jumla inaweza kupendeza huku ghuba fulani ikibaki tupu.

Si meli peke yake zinazopunguza samaki. Sili, mbolea inayotiririka kutoka mashambani na joto vina sehemu yao. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha samaki mdogo mwenye miiba akitawala visiwa vya nje, akila mayai na vichanga vya samaki wawindaji, kisha akisogea ndani ghuba kwa ghuba. Hao wawindaji ndio anaowatafuta mwenye mshipi wa bure.

Agosti 2023 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kusitisha uvuvi wa heringi Baltiki ya kati na Ghuba ya Bothnia. Mawaziri walipunguza mgawo, hawakusitisha. Binafsi naona ajabu kwamba sheria ya kuuziana mafungu ilipitishwa mwaka uleule Elinor Ostrom alipokuja Stockholm kupokea Nobeli, kwa kuonyesha jinsi watumiaji wa mali ya pamoja wanavyoweza kuilinda kwa kanuni walizojitungia. Wavuvi wa visiwani wamedai meli kubwa zisogezwe hadi maili 12 kutoka pwani. Kwa miaka mingi mstari wa kuzizuia, kwa sehemu kubwa, ulikuwa maili 4.