Kabla Hujanunua Betri Mpya, Pima Kwanza

Ndugu msomaji, hebu fikiri: ni alfajiri, mtoto ana homa kali, na mama yake amekwisha kumfunika kanga tayari kwa safari ya hospitali. Unaingia garini, unazungusha ufunguo, nalo gari linajibu "tik" moja hafifu, kisha kimya. Majirani wanalisukuma mpaka linawaka. Jioni yake kila apitaye anatoa hukumu ile ile: "Betri imekufa, nunua mpya." Unakopa fedha, unanunua. Baada ya wiki mbili, "tik" ile ile inarudi.

Kumbe kosa halikuwa la betri. Yafaa basi ujue jinsi ya kumtambua mkosaji kabla hujatoa fedha.

MTUNGI NA MCHOTA MAJI

Betri hutunza umeme kama mtungi utunzavyo maji. Ndani ya betri ya kawaida ya gari mna vyumba 6 vyenye bamba za risasi zilizozama katika maji na tindikali ya salfa. Kila chumba hutoa takriban volti 2, na vyote pamoja hufanya volti 12. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Mchota maji wa mtungi huu ni altaneta, izungushwayo na injini kwa mkanda. Gari likisha kuwaka, altaneta ndiyo ilishayo taa na redio, na ndiyo irudishayo katika betri umeme uliotumika kuwashia. Basi mtungi ukikutwa mtupu, huenda umechakaa, au mchota maji haleti, au maji yanavuja usiku.

UCHUNGUZI WENYEWE

Anza kwa macho. Unga mweupe au wa kijani katika vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Zima injini, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha vichwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimekazwa ili magadi yasiingie ndani. Kausha, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Pengine ugonjwa wote utaishia hapo.

Kama haukuisha, tafuta mita ya volti. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2, imebaki kama nusu. Chini ya 12, i karibu tupu. Sasa washa gari, upime tena. Katika magari mengi mita yapasa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka, altaneta haichaji: tazama kama mkanda umelegea au umekatika, kisha umwite fundi. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, nayo itachemsha maji ya betri na kuiua mapema.

Je, ikiwa altaneta ni nzima? Ijaze betri, kisha ilale usiku mmoja waya wa hasi ukiwa umefunguliwa. Ikiamka imeshuka sana, betri yenyewe imechakaa. Hapo nunua bila majuto. Ikiamka imejaa, bali hushuka kila ifungwapo garini, kuna kifaa kinachonyonya umeme usiku: taa ya buti isiyozimika, au redio iliyofungwa vibaya.

MAMBO YA KUEPUKA

Wako mafundi wafunguao waya wa betri injini ikiunguruma, ili waone kama altaneta inafanya kazi. Desturi hiyo ni ya enzi za dinamo. Kwa altaneta, volti huweza kuruka ghafla na kuunguza vifaa vya elektroniki vya gari. Kataa.

Maji yakipungua, usiongeze tindikali. Tia maji safi yaliyotokana na mvuke. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Kwa hiyo sigara na kibiriti vikae mbali. Tindikali ikimrukia mtu jichoni, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha mkimbize hospitali.

Betri mbovu nayo haina mahali nyumbani. Risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Isiyeyushwe uani kwa ajili ya chubwi za nyavu. Irudishe kwa muuzaji anayezipokea.

Ndugu msomaji, bei ya mita ya volti ni ndogo kuliko ya betri. Kesho, kabla ya kuelekea kazini, fungua boneti upime. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo huenda ukakudai usiku ule mtoto atakapokuwa na homa.