Mkaa Hauwaki kwa Sababu ya Faida Yake

Naulizwa daima kwa nini mtu mwenye shinikizo la damu, ajuaye kwa yakini kwamba kutembea kila asubuhi kutamfaa, haanzi kutembea. Na kabla sijajibu, mwulizaji huwa amekwisha kujijibu kwamba mtu huyo hana hamu ya kutosha, aelezwe faida tena. Jawabu hilo ni batili, nami nimechoka kulisikia likinasibishwa na sayansi.

Tazama gunia la mkaa. Kilo moja ikiungua yote hutoa yapata megajuli 30 za joto, na oksijeni imeuzunguka mkaa huo usiku na mchana. Hata hivyo gunia hukaa stoo mwaka mzima pasipo kutoa cheche, kwa kuwa kati ya mkaa na moto pana kilima cha nishati ambacho lazima kipandwe, vifungo vya zamani vilegee, ndipo vipya vifungike. Wingi wa joto litakalopatikana baadaye haupunguzi kilima hicho hata shibiri moja. Almasi kadhalika: katika joto na kanieneo za kawaida grafiti ndiyo iliyo tulivu zaidi, lakini pete hurithiwa kizazi baada ya kizazi na almasi yake haibadiliki kuwa grafiti. Msweden Svante Arrhenius aliyafafanua haya mwaka 1889, akitumia mathalani sukari ya miwa ivunjwavyo na asidi, upesi zaidi kila joto lizidipo.

Basi anayewatoza watu kiingilio ili awahutubie faida saa tatu ukumbini, kilima amekiacha palepale. Hamasa hupoa njiani, na msikilizaji, afikapo kwake, hujiona mvivu asiye na azma. Hiyo ni dhuluma. Mwanadamu si molekuli, nakiri, lakini swali la haki juu yake ni lilelile: ni kipi kitakachokishusha kilima?

Mwaka 1823 Johann Döbereiner alielekeza haidrojeni kwenye platini iliyo mfano wa sifongo, ikawaka hewani bila kiberiti. Platini, kichocheo hapo, haikuongeza nishati, bali ilifungua njia ya chini zaidi. Fanya vivyo hivyo: viatu viwe mlangoni tangu usiku, jirani akupitie alfajiri, siku za mwanzo uishie dukani tu, wala usiache moto upoe siku mbili mfululizo. Na maadamu kichocheo hurahisisha kwenda na kurudi kwa kadiri moja, njia ya kurudi nayo izibe: simu ilale chumba kingine.