Andikeni Kazi ya Kituo cha Maziwa Jinsi Inavyofanyika

Ndugu wafugaji, leo tuzungumze juu ya karatasi. Najua, karatasi haikamuliwi. Lakini sikilizeni kwanza.

Katika vituo vingi vidogo vya kukusanyia maziwa, ujuzi wote umo kichwani mwa mpokeaji mmoja. Tuseme ni mama mzoefu: akinusa tu anajua maziwa yapi ya kurudisha. Siku akiuguliwa, kijana anashika zamu, anamimina kila kinachokuja. Debe moja lililoanza kuchacha huharibu tangi zima, na kiwanda kikilikataa, hata aliyeleta maziwa safi hukosa malipo.

Sasa basi, kaeni na mama huyo akiwa kazini, muandike anayofanya kweli, si yale ambayo bwana mifugo angependa kuyasikia. Mathalani: “Koroga. Nusa. Pima kwa laktomita, maziwa yakiwa na joto lililoandikwa juu yake. Ikisoma chini ya 26 au zaidi ya 32, weka kando, mwite msimamizi. Changanya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68. Yakikatika, usipokee.” Hapo pana kipimo, pana mpaka, na pana la kufanya mambo yakienda kombo. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Kuandika “hakikisha maziwa ni mazuri” hakumsaidii kijana yule hata kidogo.

Halafu mpeni mgeni karatasi hiyo aifuate bila kuelekezwa. Akikwama, kasoro ni ya karatasi. Irekebisheni, mtie tarehe, na ile ya zamani muibandue ukutani.

Msiogope kwamba mambo ya ubora yanataka kitabu kinene. Hata kanuni za kimataifa za ISO 9001, toleo la mwaka 2015, ziliondoa sharti la kuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora. Kurasa mbili zinawatosha kuanzia.

Pamoja nazo wekeni daftari: tarehe, saa, namba ya mfugaji, lita, matokeo ya vipimo, sahihi ya mpokeaji. Anayerudishiwa maziwa naye aandikwe, pamoja na sababu, ili asidhani ameonewa. Jazeni papo hapo, siyo jioni kwa kukumbukakumbuka. Na kalamu ifungwe kwa kamba mezani. Kalamu za kituo, bwana, zina miguu.